Boti ilipokaa Mkanda: uchambuzi wa sherehe ya kampuni iliyopangwa bila kuangalia mwezi

Saa 3 na dakika 10 asubuhi simu yangu ililia. Nilikuwa katikati ya ua wa Ngome ya Lamu, ratiba mkononi, pini za vitambaa vya meza nimezibana kwa midomo. Aliyepiga ni mwalimu wa shule ya kisiwa cha Pate.

"Boti imekaa," akasema.

Nikamwuliza imekaa wapi.

"Mkanda. Ami nahodha anasema hatutoki hapa mpaka maji yarudi."

Nyuma yake nikasikia wanafunzi wakicheka, kisha sauti ya mzee: "Mwambie nilimwambia."

Aliniambia kweli huyo Ami, kama tunavyowaita wazee kwa heshima. Alhamisi iliyotangulia alinisimamisha gatini akaniuliza Jumamosi ya sherehe itakuwa mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Sikujua. Akahesabu kwa vidole, akasema ni 14, na boti haiwezi kutoka Pate saa 2 asubuhi ikapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji. "Ni bamvua, mwanangu. Mai yakitoka, hupiti." Nami nikamjibu kama atakavyojibu karani yeyote aliyekwisha kuchapisha kadi za mwaliko: "Jitahidi tu, Ami."

Naandika kisa hiki kwa sababu tangu siku ile wenzangu wa kampuni nyingine wameniuliza mara kadhaa tulifanya nini hata wafanyakazi wetu na wanafunzi wakachanganyika vile. Waliona picha. Kwenye picha kuna msichana wa kidato cha tatu ameshika kamba mkubwa kwa mgongo, kando yake mpokeaji wetu wa samaki anacheka hadi ufizi unaonekana. Inadhaniwa tulilipanga. Tulilolipanga lilikuwa jingine kabisa, na lilivunjika kabla ya saa 4.

Kampuni na wageni wake

Kampuni sitaitaja. Hununua samaki na kamba kutoka kwa wavuvi wa visiwani, huwatia barafu na kuwapeleka bara. Mimi ni karani wa malipo. Wafanyakazi tuko sitini na kitu ukihesabu vibarua, na zaidi ya nusu yao hawajawahi kukanyaga ofisini: manahodha, mafundi wa friji, wapokeaji wanaokaa Kizingitini na Faza kisiwani Pate, wapasuaji wa stoo. Tawi lilipotimiza miaka 10, makao makuu Nairobi yalituma barua kwamba tusherehekee "pamoja na jamii", na jamii iliyochaguliwa ni wanafunzi. Walialikwa 40 kutoka shule moja ya hapa Amu, yaani mji wa Lamu, 38 kutoka shule moja ya Pate, na vijana wanne wa chuo cha ufundi waliokuwa kwetu kwa mafunzo ya kazini.

Fikra yenyewe haikuwa mbaya. Baba na wajomba wa watoto wale ndio wanaotuuzia samaki. Na kijana wa Pate anayemaliza shule mara nyingi hajui kwamba kiwanda cha barafu kinahitaji fundi wa umeme, mtu wa hesabu, mtu wa kupima ubora. Anajua kuna mvuvi na kuna mnunuzi, basi. Waajiri wa Kenya hulipa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ushuru wa mafunzo ya viwandani, na wengi wetu tukishalipa tunahesabu wajibu umekwisha.

Wazee wa kamati ya ufuo hawakuipokea fikra hiyo kwa mikono miwili. Mmoja aliniuliza waziwazi, "Kampuni ikilisha watoto wetu, inataka nini?" Mtu wa Nairobi angeona ni utovu wa shukrani. Lakini hapa maneno kampuni, mradi na jamii yameshakaa pamoja mara nyingi. Bandari mpya ya Lamu ilipojengwa, wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa kuvurugiwa maeneo yao ya kuvua. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na hadithi ya nani kalipwa nini ilikuwa bado inazungumzwa barazani. Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa la haki. Nilimjibu kwa maneno ya barua ya makao makuu, akanyamaza. Kunyamaza kwake sikukupenda.

Kamati ya maandalizi ilikuwa na watu saba, wote wa mezani. Hapakuwa na nahodha, mpishi wala mtu wa stoo. Fedha zilikwenda kwenye hema, fulana, spika na keki iliyoletwa kwa ndege mpaka Manda. Boti ya wanafunzi ilikuwa mstari wa mwisho wa bajeti, imeandikwa "usafiri".

Maji

Kwa asiyeijua njia ile: Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na ndiyo njia ya kawaida ya boti za Amu kwenda Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Maji yakiwa mengi unapita umesinzia. Yakikupwa, yanabaki mafungu ya mchanga na tope, na injini inaanza kurusha maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hapo nahodha mwenye akili huizima, akashika pondo, mti mrefu wa kusukumia boti.

Maji nayo hayafuati saa ya ukutani. Yanafuata mwezi, kila siku yanachelewa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo penye bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana. Pwani yetu hii, siku za bamvua hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kwenye saa 4 asubuhi unaona mpaka mizizi ya mikoko. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo yamepinduka: saa 4 asubuhi ndipo penye maji. Maana yake tungesogeza sherehe Jumamosi moja tu mbele, boti ingepita. Au tungeiacha tarehe ilivyo na watoto wakaondoka mara baada ya swala ya alfajiri, wangepita vilevile. Wavuvi wa Kizingitini walipita alfajiri ile ile, wakashusha kamba wao Amu kabla jua halijatoka. Sisi tulichagua saa ambayo hata mtoto wa kijiji cha Matondoni angetucheka.

Mwalimu alipoulizwa kama boti ingeweza kuzunguka nje ya Manda, alikataa, nami hadi leo namshukuru. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, na upande wa bahari kuu si mahali pa kupeleka wanafunzi 38 kwa sababu ya hotuba ya saa 4.

Ua wa Ngome

Ngome ya Lamu ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikawa gereza mpaka 1984, na sasa iko chini ya makumbusho. Ua wake ni mzuri kwa shughuli, kuta ndefu, kivuli cha asubuhi. Siku ile ua huo uliniambia kitu kuhusu mpango wetu. Tulikuwa tumeweka viti upande wa kulia na kibao "Wafanyakazi", kushoto "Wanafunzi", katikati zulia jekundu la wakubwa. Wanafunzi wa Amu walikaa kushoto wakiwa wameshonana kama mahamri ndani ya karai. Wafanyakazi walikaa kulia na fulana mpya zenye mikunjo ya pakiti. Viti 38 vitupu vilikuwa vinatazamana na jukwaa.

Mshereheshaji alijaribu mchezo wa kujitambulisha: kila mwanafunzi amtafute mfanyakazi asiyemjua. Hakuinuka mtu. Mji wenyewe huu, nani hamjui nani? Mkubwa kutoka Nairobi akahutubia, akasema kampuni ni familia. Nilimtazama fundi wetu mmoja wa friji, miaka minane kazini, mkubwa yule hakuwahi kumwona. Alikuwa anasoma lebo ya chupa ya maji.

Huwa najiuliza kwa nini Maulidi ya Mfungo Sita hayana tabu hii. Yanakusanya watoto wa madrasa, wachukuzi, walimu, wageni wa Tanzania na Uganda, na hakuna kibao cha nani akae wapi. Nadhani ni kwa sababu kila mtu ana la kufanya: huyu anapiga dufu, yule ana punda wa mashindano, yule wa jahazi, kina mama wana vyungu. Sisi tuliwaita watu wazima na watoto waje kutazama.

Stoo

Saa 4 na nusu msimamizi wa stoo alinijia, akaninong'oneza kwamba wale kamba wa Kizingitini bado nusu hawajachambuliwa. Vibarua walikuwa wameacha kazi wakaja kuvaa fulana. Kamba hai chini ya gunia bichi huvumilia, lakini havumilii mpaka jioni. Alitaka ruhusa ya kuwaondoa vibarua sita. Mwalimu wa Amu, aliyekuwa karibu, akauliza kama wanafunzi kadhaa wangeweza kwenda kutazama, maana wameanza kusinzia. Wakaenda kumi. Baada ya robo saa wengine wakawafuata. Mwisho upande wa kushoto ulibaki na walimu wawili na kibao.

Stoo yetu iko upande wa Langoni, mwendo wa dakika saba. Nilifika nikakuta msichana mmoja ameambiwa amshike kamba na amemshika masharubu; yakakatika, akabaki nayo mkononi kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe. Mpokeaji akamwonyesha: kamata mgongoni, palipo pana, mgeuze. Chini ya mkia palikuwa na mayai, chembechembe za rangi ya chungwa zilizoshikana kama kishada. "Huyu harudi kwenye kreti," akamwambia, "huyu anarudi kwao." Wakatenga ndoo ya wenye mayai. Kijana mwingine akapewa daftari aandike uzito, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mpokeaji, na mpokeaji mwenyewe alikiri mbele ya watu. Hapo ndipo kicheko cha kwenye picha kilipotokea.

Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo halimo kwenye picha.

Kijana wa daftari, baba yake mvuvi, aliuliza kwa nini kila kreti inakatwa kilo 2. Akajibiwa ni uzito wa kreti tupu. Akachukua kreti tupu, bila kuomba ruhusa ya mtu, akaiweka kwenye mizani. Kilo moja na nusu, haikufika hata hapo vizuri. Stoo ikanyamaza. Kilichosikika ni barafu tu ikiteleza ndani ya mashine.

Maelezo yalipatikana, na nayaamini kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika vitabu: zamani tulitumia masanduku ya mbao, yalikuwa na kilo 2 kweli, tukanunua kreti za plastiki na hakuna aliyebadilisha hesabu. Haikuwa hila. Lakini nusu kilo ya kamba, kreti baada ya kreti, msimu baada ya msimu, si kitu cha kumweleza mvuvi kwa neno "samahani". Meneja aliitwa kutoka Ngomeni. Kwa sifa yake hakumfukuza kijana. Alipima kreti kumi mbele yao, akamwambia mpokeaji andika upya orodha ya asubuhi ile. Ya nyuma hakuyagusa, siku ile wala baadaye, na hadi leo wapo wavuvi wanaonikumbusha nikiwapita barazani. Sina jibu la kuwapa.

Wapo ofisini waliosema ziara ile ilikuwa kosa, kwamba wanafunzi wasingepelekwa palipo na kazi halisi. Mimi naona kinyume chake. Kama tungeendelea kuwaonyesha filamu fupi ya kampuni kama ratiba ilivyotaka, tungepata makofi na kilo 2 zingeendelea kukatwa.

Ndani ya boti

Haya niliyapata kwa mwalimu na kwa fundi wa barafu, kijana wa Siyu aliyepanda boti ile pamoja na mpokeaji wetu wa Faza kwa kuwa nao walikuwa wanakuja sherehe. Boti ilikaa kwenye saa 3 kasoro robo asubuhi. Maji yaliendelea kutoka hadi saa 4 na nusu, kwa hiyo hesabu ni rahisi: ilibidi maji yarudi kwa muda ule ule, na boti haikuelea mpaka saa 6 na robo. Saa tatu na nusu juu ya tope, jua la Februari, jaketi za kuokolea zimewabana shingo.

Saa ya kwanza, alisema mwalimu, walikaa kama walivyopanda, wanafunzi mbele, wafanyakazi nyuma na injini. Kisha maji ya kunywa yakaanza kupungua, turubai likahitaji kufungwa kwenye pondo ili lipate kivuli, na Ami nahodha hakuwa mtu wa kuuliza nani mgeni nani mwenyeji. "Wewe mrefu, shika hapa." Fundi alikuwa na kasha la barafu alilokuwa analeta Amu likarekebishwe kifuniko. Wakaligawa barafu lile kwa vipande vidogo, kila mmoja kimoja mdomoni. Mtoto mmoja akauliza barafu linatengenezwaje hata lisiwe na chumvi, na fundi, ambaye ofisini tunamjua kwa kununa, akazungumza saa nzima: gesi, kompresa, kwa nini umeme ukikatika usifungue mlango. Akawaambia pia kwamba hesabu alipata D, na kwamba hiyo haikumzuia kujifunza kusoma geji.

Ami hakunywa maji wala hakuchukua barafu. Walidhani anawaachia. Alikuwa amefunga.

Hilo nalo lilitushinda. Mwezi 13, 14 na 15 ni siku nyeupe, wako wazee na hata vijana wanaozifunga kila mwezi. Mwezi ule ule uliokausha Mkanda ndio uliowafanya wafanyakazi wetu kadhaa wasiweze kula karamu yao wenyewe, na kalenda ya kampuni, yenye picha ya meli na tarehe kubwa kubwa, haikuonyesha hata kimoja. Mkubwa wa Nairobi alimletea mzee mmoja soda mara tatu, kila mara kwa ukarimu zaidi.

Aliyejua ni Bi mpishi. Saa 6 mshereheshaji alipomtaka apakue kwa kuwa watu wana njaa, alimjibu kwamba biriani haifunuliwi na watoto wako baharini, akakaa juu ya kiti chake mbele ya masufuria, leso kiunoni. Kando alikuwa ameshaweka bakuli tisa zenye vifuniko, kila moja na jina la aliyefunga, aende nayo kufuturu. Hakuna aliyemwagiza.

Saa 7 na kuendelea

Boti ilifunga gati kwenye saa 7. Wanafunzi wa Pate walishuka na tope hadi magotini kwa kuwa walisaidia kusukuma. Wale wa stoo walikuwa wananuka kamba. Wakakutana njiani, wakaingia uani pamoja, na fundi wa barafu katikati yao akiwa amebeba mkoba wa mtu. Vibao "Wafanyakazi" na "Wanafunzi" havikuwa na kazi tena, kimoja kikawa kimetumika kupepea jiko. Walikaa kwenye mikeka, sinia moja watu watano au sita. Hotuba mbili zilizobaki zilifutwa. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, kilichopangwa nusu saa kilichezwa dakika kumi pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, na keki, mbali ilikotoka, ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Saa 10 maji yalikuwa tele. Boti ilirudi Pate bila kugusa chini.

Wiki tatu baadaye zilifika barua tano za kuomba mafunzo ya kazini. Huwa zinaandikwa kwa Meneja. Mbili kati ya hizi ziliandikwa "Kwa Ami fundi wa barafu", na "Ami" huyo ana miaka 29. Kreti zetu sasa zimeandikwa uzito ubavuni kwa rangi nyekundu.

Mwaka uliofuata tulijirekebisha. Nahodha na Bi mpishi waliingia kwenye kamati. Swali la kwanza la kikao lilikuwa mwezi ngapi, tukachagua Jumamosi ya maji mafu, mwezi 8. Boti ilifika saa 3 na nusu, watu wote wakakaa mahali pao, hotuba zikaanza kwa wakati, chakula saa 7 kamili. Ziara ya stoo iliwekwa saa 8, na ilipofika watu walikuwa wameshiba, kamba walikuwa wameshafungwa na kuondoka asubuhi, sakafu imeoshwa. Wanafunzi walitazama mizani isiyo na kitu juu yake. Picha za mwaka huo hakuna aliyeniuliza habari zake.

Kikao cha mwaka huu tumekwama hapo. Nimependekeza tuanzie stoo saa 2 asubuhi, kamba wakiwa bado chini ya gunia, na hotuba zije baada ya kazi, kama zitapata nafasi. Meneja anaogopa swali jingine kama lile la kreti. Makao makuu wanataka filamu fupi irudi. Ami nahodha alisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Sasa mwanitakaje?" akauliza. "Niwakwamishe tena kwa makusudi?"